Malkia wa Kicheki na Kiwanja cha Papa

Joubert Park, Johannesburg
2017

Wadogo zangu Bahati na Mugisho,

Hamjambo huko Bukavu? Mama anaendeleaje na goti lake? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina huruma, naandika nimejifunga blanketi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu kila mmoja wenu ananikatiza.

Kwanza habari za kazi. Saluni imepooza, basi ukumbi mmoja wa maonyesho uliponiita nikawasukie waimbaji nywele za bandia, nilikwenda mbio. Wanaiita opera: mchezo ambao watu hawaongei, wanaimba mwanzo hadi mwisho. Hii wanaimba kwa Kicheki, lugha ya huko Ulaya, na ni hadithi ya kale ya watu wa kule. Anayecheza malkia ni dada mmoja wa Soweto. Sauti anayo, lakini misuko yake hadi kiunoni ilinimaliza vidole.

Nilikuwa nasimama pembeni ya jukwaa na pini mdomoni, sielewi hata neno moja. Siku moja nikamwuliza yule dada wakati namsuka, akanieleza. Ndugu wawili wanagombania ardhi ya marehemu baba yao, wanapeleka kesi kwa malkia. Anaamua wagawane sawa. Yule mkubwa anachachamaa, anasema ni aibu wanaume kuamuliwa na mwanamke. Malkia anaumia, anawaambia raia basi, ataolewa, mwanaume awatawale. Eish, nilikasirika hadi nikamvuta nywele.

"Dada, kichwa hiki ni changu," akaniambia.

Mnajua kwa nini nilikasirika. Papa, baba yetu, hajamaliza mwaka kaburini, na ninyi mmempigia mume wangu awaamulie kiwanja. Bahati anasema ni chake chote kwa kuwa ndiye mwanaume wa kwanza. Mugisho anataka nusu. Mimi niliyewatangulia wote kuzaliwa, niliyewabeba mgongoni, hamkuniuliza. Iliniuma, siwafichi. Mume wangu aliporudi kutoka lindoni Sandton alinipa simu, akasema, "Hiyo ni kesi ya kwenu."

Basi nimeamua. Kiwanja ni cha mama maadamu yu hai. Hakiuzwi wala hakigawanywi, na anayetaka kujenga atafute pengine. Kati yenu wawili hakuna aliyeuliza mama atalala wapi. Bahati, najua utanuna, labda hutanipigia tena. Nitasikitika sana, lakini sibadilishi. Barua hii anakuja nayo jirani yangu, nimemwambia aifikishe mkononi mwa mama kwanza.

Nisalimieni shangazi anayekaa na mama, na mke wa Bahati, mwambieni kitenge alichonitumia nimekishona. Mjomba seremala naye msimsahau.

Mume wangu yuko hapa anapiga pasi sare yake. Nimemsomea yote, nikamwuliza kama ana neno la kuongeza kuhusu kiwanja. Amesema niwasalimie.

Dada yenu mkubwa,
Riziki