Nta Kwenye Ukuta wa Ghorofa la Ikungi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Ikungi
Tarehe: 17/10/2024, saa 4:15 asubuhi
Jina: Antipasi Leonard Joseph
Umri: miaka 41
Kabila: Mkimbu
Dini: Mkristo
Kazi: fundi wa vioo na paneli za alumini
Makazi: Ikungi. Mzaliwa wa Rungwa.

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu.

Mnamo Agosti 2022 nilifunga paneli za mbele kwenye ghorofa la Bwana Chetan Hirji, lililo kando ya barabara ya Dodoma. Kati ya paneli na paneli kuna nafasi inayojazwa silikoni ili maji na upepo visiingie. Bwana Chetan aliniuliza, "Fundi, jua la huku linapasua hata mawe. Hiyo itadumu?" Nikamjibu, "Miaka kumi, bosi. Ikitoka kabla, niite mwongo." Tangu siku hiyo akawa ananiita Fundi Miaka Kumi, na mimi nilifurahia jina hilo.

Kazi ile sikuifanya vizuri. Silikoni hutaka paneli ifutwe vumbi kwanza, na ipakwe asubuhi chuma kikiwa cha baridi. Mimi niliipaka mchana, upepo unapuliza vumbi, paneli zinaunguza vidole. Mchana alumini hutanuka, usiku hapa kwetu baridi inaibana, na silikoni iliyoshika vumbi haishiki paneli.

Tarehe 8 Julai 2024 nilipita pale nikaona imebanduka upande wa juu wa mlango mkubwa, mahali pa kupitisha kidole. Haikuwa imefika hata miaka miwili. Bwana Chetan alikuwa Singida mjini. Ningempigia simu tungeirudia na yangeisha. Niliona aibu.

Nyumbani nilikuwa na nta ya marehemu baba, aliyekuwa mfuga nyuki. Niliiyeyusha, nikachanganya rangi ya kijivu, nikaziba. Kwa baridi ya Julai ilikauka ikawa ngumu, hata mimi nilijisifu. Afande, ninaomba iandikwe kwamba nilijua. Kwetu Rungwa mzinga mpya hupakwa nta ndani ili nyuki waje, na usiopakwa hukaa mtupu. Kazi hiyo niliifanya na baba tangu nikiwa na miaka saba.

Tarehe 10 Septemba, jua lilipoanza kuwa kali, mlinzi wa jengo, mzee Amosi, alinisimamisha barabarani. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba. Mwanangu, nta inachuruzika ukutani kwako, na nyuki wanaingia." Nilimwambia ni wapita njia, wataondoka, na nikamwomba asimwambie bosi. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, wewe ndiye fundi."

Jumanne tarehe 15 Oktoba, majira ya saa 7:30 mchana, nilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, ng'ambo ya barabara. Mzee Amosi alikuwa anachoma takataka palepale anapochomea siku zote, mbele ya ghorofa. Moshi ulipanda, nyuki wakamwagika kutoka nyuma ya paneli. Dada Editha, anayechapa barua katika chumba cha chini cha ghorofa lile, alikuwa kwenye mlango mkubwa. Walimfunika uso wote. Mzee Amosi alivua koti lake, akamfunika nalo, akamburuta ndani. Yeye akabaki na fulana.

Mimi, niliyelelewa kwenye mizinga, nilifunga mlango wa duka. Nilitazama kupitia kioo.

Editha amelazwa hospitali na hadi jana jioni macho yalikuwa hayajafumbuka. Watu walisema mlinzi ndiye aliyewachokoza nyuki kwa moto, na akakamatwa siku ileile. Niliwasikia wakisema hivyo, nikanyamaza.

Leo saa 2:00 asubuhi nilimletea uji hapa kituoni. Nilitaka nionekane mtu mwema. Mikono yake imevimba, hawezi kushika kikombe, ikabidi nimnyweshe. Nilimuuliza kama alitaja habari za nta. Akasema, "Uliniomba nisiseme." Halafu akaniambia Mungu anibariki, maana tangu akamatwe hakuna mwingine aliyekuja.

Nilitoka nikafika hadi kwenye geti. Nikarudi kaunta.

Moto wa mzee Amosi haukuleta nyuki ukutani. Niliwaita mimi. Niliyoyaeleza ni haya, ni ya kweli, na nimechelewa kuyasema.

Sahihi: A. L. Joseph

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi na hakubadilisha neno. Nimemweleza kuwa kuanzia sasa si shahidi tena bali mtuhumiwa, na kwamba ataandikwa maelezo ya onyo. Amesema ameelewa. Ameomba amwambie mzee Amosi yeye mwenyewe, kabla ya mtu mwingine. Nimemruhusu. Alisimama mbele ya mlango wa mahabusu muda mrefu, hadi mzee alipomwita, "Mwanangu, bado upo?"

Koplo Flora, saa 5:20 asubuhi