Swali la Kila Jioni

Jumanne, Katubuka

Leo tena kimya. Kila jioni natuma ujumbe wa sauti kwa Kiingereza kwenye kundi la wasapu la Kidato cha Pili: siku yako imekwendaje? Nataka wajibu kwa sauti zao, wazoee kuongea. Tiki za bluu zinajaa, majibu hakuna. Inaudhi. Najua simu ni za wazazi, lakini hata mmoja?

Halafu ikaingia sauti. Si mwanafunzi, ni mama yake Neema, anayeanika dagaa ufukweni Kibirizi.

"Mwalimu, habari za jioni. Samahani, simu ni yangu, Neema ameenda kuchota maji. Swali lako nalisikiliza kila siku, yeye ndiye aliyeniambia maana yake. Sasa na wewe, mwalimu, siku yako imekwendaje?"

Tangu nihamishiwe huku hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikabonyeza kurekodi, nikafuta. Nikarudia, nikafuta tena. Mwishowe nikajibu kwa Kiingereza, jibu lile lile ninalowafundisha: nzuri sana, asante.

Neema akirudi na maji, atamtafsiria mama yake uongo wangu.