Jina Lenye Ng'

Lodwar, 9 Machi 2013

Dada Akoru,

Ejok, hujambo? Wale samaki wakavu wa Longech walifika huko Kakuma? Hapa ni vumbi tu, na umeme unapotea kila siku.

Bado nasafisha ile programu ya mtandaoni ambayo makarani wanaandikishia watu wa chakula cha msaada. Aliyeiandika alikuwa na haraka. Mistari imerundikana kama kuni, macho yananiuma.

Juzi niliona tatizo lake. Jina likiandikwa, halikaguliwi. Ile alama ya juu kwenye ng', mashine inadhani ni mwisho wa jina, na herufi zinazofuata inazichukulia kuwa amri. Mtu mbaya angeweza kupitia hapo afute kila kitu. Lakini mtu mbaya hakuja. Walikuja kina Lokwang' na kina Ng'asike, mashine ikawakataa, na karani akawajibu vile alivyomjibu mama: "Jina yako imekataa. Rudi mwezi ujao."

Mama alirudi, akarudi tena, mpaka miguu ikakataa pia.

Nimeirekebisha sasa. Jana nikaijaribu kwa jina lake, Nang'iro, pamoja na alama yake. Ikalipokea mara moja na kadi ikatoka. Meneja alinishika mkono, akasema kazi nzuri.

Msalimie jirani yako Nyawal. Nitakuja Pasaka, unionyeshe kaburi la mama. Kadi yake ninayo mfukoni.

Mdogo wako,
Ekiru