Sentimita moja na nusu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, tope jekundu limeingia mpaka chini ya ubao, na mimi mwenyewe nimechafuka chaki na tope nusu kwa nusu. Moyo wangu mweupe hata hivyo. Wanafunzi wamekwenda, nangoja mvua ipungue, na nataka kukiri kosa langu kabla sijaanza kulipamba.

Wiki iliyopita niliwapa interro, jaribio fupi, wanafunzi wangu wa mchepuo wa math-physique. Tulikuwa tumemaliza somo la vilele na mabonde, yaani pale kitu kinapofika juu kabisa au chini kabisa kabla ya kugeuka. Swali nililitoa katika kitabu cha zamani. Una karatasi ngumu ya mraba, sentimita thelathini kila upande. Kata miraba midogo kwenye pembe nne, inua pande, upate sanduku lisilo na kifuniko. Ukate sentimita ngapi ili sanduku libebe vingi kuliko yote? Nimelifundisha miaka kumi na moja. Jibu ni tano.

Ila safari hii nilijitia ujanja. Nikafuta "karatasi ngumu", nikaandika "bati". Nilitaka wajione nyumbani. Hapa kwetu nani hajui bati?

Zaina akaandika sita.

Zaina hukaa benchi la pili na hasemi sana, lakini nikitaka kujua kama darasa limeelewa, ni uso wake ninaoutazama. Katika hesabu yake kulikuwa na "kutoa 1,5" ambayo sikujua imetoka wapi. Sikuuliza. Nilipiga mstari mwekundu, nikaweka sifuri, na pembeni nikaandika: Soma swali vizuri.

Soma swali vizuri! Mimi huyu!

Jumatatu alikuja na baba yake, papa Ramazani, mfua bati wa mtaa wa Kamalondo anayetengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, na masanduku ya safari. Walikuwa wametoka kuchukua fomu ya kuhamia commerciale, mchepuo wa biashara, kwa sababu Zaina alimwambia baba yake kwamba hesabu si zake. Mzee hakuja kugombana. Alishika ile karatasi ya interro na kuniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia.

"Madame, hii sanduku iko ya bati ao ya carton?"

"Ya bati, papa."

"Sasa mukunjo iko wapi? Bati bila mukunjo inakata bantu mikono."

Akanionyesha kwa kidole gumba. Fundi akishainua pande, ukingo wa juu huukunja kwa nje ili usiwe mkali, na mkunjo unakula sentimita moja na nusu ya kimo. Ndiyo ile "kutoa 1,5". Niliketi nikahesabu mbele yao: dérivée, nikaiweka sawa na sifuri, nikatafuta x. Sita. Sita kamili, bila hata mkia wa desimali.

Mwanafunzi mmoja tu darasani alilisoma neno langu kama lilivyoandikwa, na huyo ndiye niliyempa sifuri.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia Zaina kwamba kosa ni langu, anisamehe. Baba yake aliikunja fomu mara nne akaitia mfukoni, akasema, "Tutaona, madame." Nilimwomba jambo moja tu: anitengenezee masanduku matano, kila moja na kipimo chake cha kukata, yote na mkunjo.

Leo yamefika, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tuliyajaza mchanga mkavu, tukaupima kwa chupa ya laboratwari, tukaandika jedwali na kuweka nukta ubaoni. Kundi moja lilijaza mchanga kwa kilima kama wauza unga wa sokoni, nukta yao ikaruka juu peke yake, tukacheka. Ikawa nafasi nzuri ya kueleza kwamba courbe, ule mstari unaofuata nukta, hailazimiki kupita katika kila nukta. Zaina ndiye aliyeichora. Ilipanda, ikafika kileleni penye sita, ikaanza kushuka.

Halafu mmoja akapaza sauti: "Madame, tano, sita na saba ziko karibu sawa!"

Kweli. Karibu na kilele courbe hulala, na ukikosea kidogo hapo hupotezi mengi. Nimeisema sentensi hiyo miaka yote, na leo ndiyo mara ya kwanza imenigusa. Namshukuru Mungu kwa hilo. Namshukuru papa Ramazani, ambaye angeweza kunifokea mbele ya préfet, mkuu wetu wa shule, na alichagua kuniuliza swali.

Wakati wa kutoka Zaina aliweka karatasi mezani kwangu, akakimbilia mvuani kabla sijasema lolote. Ni ile fomu, ina mikunjo minne. Mbele haikujazwa hata jina. Nyuma kuna mchoro wa sanduku, hesabu iliyoishia njiani, na mstari mmoja: Na kama iko na kifuniko, madame?

Sijui. Kitabu changu hakina hilo.

Mvua imekatika kitambo. Ningekuwa nimeshafika nyumbani, ila natafuta kalamu, na nyekundu siitaki.