Ndila wa Syokau

Kitui Mjini,
Jumapili.

Mwaitu, mama yangu Syokau,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta goti limepoa na mbuzi wamepata angalau majani ya kuguguna huko Nuu. Sisi wawili hatujambo. Musyimi alikohoa kidogo lakini anakula. Kila akimwona mwanamke mwenye leso ya kijani hudhani ni wewe, humkimbilia, nami hubaki kuomba radhi.

Tafadhali isome mwenyewe, polepole, kwa miwani yako. Usimpe mtu akusomee, hasa shemeji yako Kivuva.

Unajua kwamba tangu goti likuzuie kumkimbiza mtoto, naingia naye darasani. Mwezi uliopita mhadhiri aliniambia, kwa upole unaoumiza, kwamba ukumbi wake si nasari, na nikija naye tena nibaki nje. Ndipo nikasikia kwamba chuo kinawasaidia wazazi wanaolea peke yao: chumba, mlezi wa mtoto mchana, na sehemu ya karo. Bila hayo siuoni mwaka wangu wa mwisho ukifika mwisho.

Alhamisi niliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, Bwana Nyamai, aliuliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikasema hayupo na hajawahi kuwepo. Akauliza kama nimeolewa. Mwaitu, nilianza kuzipanga upya karatasi zangu. Nilikumbuka ntheo, wale mbuzi uliowapeleka kwa baba yangu kule Emali ili niingie nyumbani kwako kama mke wako kimila, nikuzalie watoto watakaobeba jina la marehemu mumeo, Musyimi. Nikakumbuka wanawake wa kanisa walivyotucheka kwamba bwana harusi wa Nuu amevaa leso, nawe ukawajibu kwamba angalau huyu halewi.

Mjumbe mwingine, Bi Esha, alidhani naona haya. Akaniambia, mwanangu, hapa hatumhukumu mtu. Sema tu, yuko anayeubeba mzigo huu pamoja nawe?

Nimelipima swali hilo tangu siku ile. Kwa hesabu yao huenda mimi ni mzazi wa pekee kweli, maana hakuna mwanamume. Kwa mila yetu nina nyumba, na mtoto wangu ana shamba. Sijui ni lipi lililo ukweli mzima. Huenda ni yote mawili. Huenda pia najitafutia udhuru.

Nilijibu kwamba hakuna mtu. Nilisema nalea peke yangu.

Wamenipa nafasi, kwa sharti kwamba chifu athibitishe. Atafika kwako wiki hii. Ukimwambia mimi ni mke wa nyumba yako, nitaipoteza. Ukimwambia mimi na mtoto si wako, Kivuva atapata habari kabla ya jua kutua, na shamba analolimezea mate atasema halina mrithi.

Lakini hilo silo linalonitisha zaidi. Nilipotamka kwamba niko peke yangu, sikuona aibu. Niliona wepesi, kama mtu aliyetua mtungi kutoka mgongoni. Wewe uliuza fahali ili nianze chuo. Mikono yako ndiyo iliyompokea Musyimi duniani. Nami nikaona wepesi. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani.

Sikuombi useme uongo. Nimeandika kwa mkono wangu, badala ya kupiga simu, ili uwe na ushahidi kwamba Musyimi ni mtoto wa nyumba yako. Kivuva akija kudai shamba, mwonyeshe barua hii. Chifu akija, amua wewe. Ukimwonyesha naye, nitafunga vitu vyangu nije bila kinyongo, au na kinyongo nitakachojitahidi usikione.

Nisalimie Katunge na wote wanaokuchotea maji. Musyimi anasema umwekee muthokoi, na usile wote.

Ni mimi, hata chifu aseme nini,

Ndila wa Syokau