Jino Lililonyamaza

Mume wangu,

Naandika nimesimama, kukaa kumenishinda. Sisi wazima, ila mama yako ametutia kiwewe. Si unajua anavyokata uzi kwa meno, na mkasi anao mapajani? Jino likamuuma, shavu likavimba, akawa anavuta mtandio upande mmoja wateja wasione. "Usimwambie mwanangu," akanionya, "atadhani nimezeeka."

Nikitaja hospitali, anasukutua maji ya chumvi, kisha anakanyaga cherehani kwa hasira. Leo asubuhi akaamka anaimba. "Limenyamaza! Si nilikwambia?" Shavu lilikuwa bado linawaka moto. Nikamburuta hivyo hivyo, akinisema njia nzima.

Daktari wa meno akaligonga jino, mama hata hakushtuka. Nikajua nimeumbuka. Kumbe! "Jino limekufa, mama, ndiyo maana haliumi. Usaha bado umo mzizini, unatafuta pa kutokea. Mngechelewa, ungeteremka shingoni." Akamchoma ganzi, akatoa usaha, akaling'oa. Dawa azimalize hata akijiona mzima, apige mswaki kabla ya kulala, apunguze sukari, na uzi aukate kwa mkasi.

Sasa yuko hapa, mdomo umejaa pamba, ananiashiria nikusalimie.

Juzi kwenye simu ulisema unashukuru kwamba siku hizi sikuulizi tena unarudi lini, nyumba imetulia. Baba watoto, njoo umuulize mama yako habari za jino lililonyamaza.

Ni mimi, mkeo, bado.