Mwalimu Niliyemdhania Mchina

Mwanangu Perisi,

Amani ya Bwana ikufikie hapo Kilosa, nawe uniwie radhi kwa udogo wa kadi hii. Leo, hotelini Mikumi, nilimshukuru mwalimu mmoja wa kike, mgeni, kwa reli wanayotujengea Wachina wenzake. Akacheka.

"Mzee, mimi hata msumari sijawahi kupigilia! Nimezaliwa Marekani, bibi yangu ndiye aliyetoka China."

Ameandika kitabu juu ya bibi huyo, ingawa baba yake alimkataza kuanika mambo ya nyumbani.

"Baba amekisoma?" nikauliza.

"Alifariki kabla sijakimaliza."

Nikaiacha chai, nikanunua kadi hii. Nami nilikukataza kuandika habari za marehemu mama yako, nikiona haya kwamba hakusoma. Nilikosa, mwanangu. Andika, na maneno yake ya Kisagara uyaache yalivyo. Nikijaliwa kurudi, unisomee.

Baba yako akupendaye